Ukialikwa kutembea juu ya makaa ya moto: ya kujua kabla hujavua viatu

Kwanza nieleweke, mi siyo mganga wala mtu wa mazingaombwe, ni mbeba boksi wa kawaida tu hapa Uingereza, nalea wazee kwenye kea homu, na siku moja kwenye chumba cha chai nikakuta karatasi imebandikwa ukutani kwamba kituo cha tiba shufaa cha mji wetu, pale wanapolazwa wagonjwa ambao hospitali imeshamaliza la kufanya, kinatafuta watu wa kutembea pekupeku juu ya makaa ili kichangishe hela. Mwenzangu wa shifti akaniandika jina kwa utani nikiwa ofu. Narudi Jumatatu nakuta nimeshakuwa namba 14.

Nimeshapita mara mbili sasa. Ya kwanza niliungua kidogo kwa ujinga wangu mwenyewe (nitasimulia), ya pili nilitoka mzima kabisa. Na tangu niweke picha zangu mtandaoni kila wiki kuna mtu ananitafuta, wengine wanauliza nimechanjiwa kwa mganga gani, wengine wamealikwa na makazini kwao na wanaogopa kuuliza wazungu wasije kuonekana washamba. Basi nimeamua niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hii.

1. Jua unaenda kwenye moto wa aina gani

Maana siyo moto wote mmoja. Kuna moto wa ibada, na huo una wenyewe. Wahindu wa Kitamil wana sikukuu inaitwa Thimithi, pale Singapore inafanyika kwenye hekalu la Sri Mariamman kama wiki moja kabla ya Diwali, na wanaopita ni watu walioweka nadhiri, wamefunga, wamejiandaa siku nyingi. Mauritius na Réunion, huku huku kwenye bahari yetu, nako Watamil wanapita. Hispania kuna kijiji kinaitwa San Pedro Manrique, usiku wa Juni 23 wenyeji wanapita kwenye makaa huku wamebeba mtu mgongoni, we fikiria, mtu mzima mgongoni! Bulgaria kuna kijiji cha Bulgari ambako wanacheza motoni wameshika picha za watakatifu, UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2009. Ukienda sehemu kama hizo we ni mgeni na mtazamaji, vaa nguo za heshima, usikatize njia ya waumini, usimsogezee mtu simu usoni wakati anaomba, na usijipenyeze kwenye foleni eti na wewe ujaribu. Tofauti ninayoijua ni Japan, mlima Takao karibu na Tokyo, kila Machi watawa wa hekalu la Yakuo-in wanapita kwanza na wakishamaliza wananchi wa kawaida wanaruhusiwa kupanga foleni na kupita, ila kufikia hapo moto umeshapoa sana.

Aina ya pili ni semina za hamasa, hizi za kuambiwa amsha simba aliye ndani yako. Zilianzia Marekani miaka ya 1970 na mtu anaitwa Tolly Burkan, halafu Tony Robbins, mhamasishaji maarufu wa huko huko, akazifanya kubwa, watu maelfu ukumbini, muziki juu, usiku wa manane mnatolewa nje mnapita. Tiketi zake siyo za mchezo.

Aina ya tatu ndo hii yangu, moto wa hisani. Watu 30 au 50, uwanja wa klabu ya raga au maegesho ya magari, mnalipa kiingilio kidogo, mnachangisha, mnapita, mnakunywa chai mnaenda kulala. Mengi ninayoandika hapa chini ni ya moto huu, ila hatua za kutembea ni zile zile popote.

2. Uliza maswali kabla hujalipa, hata ukionekana msumbufu

Mkufunzi ni nani, amefundishwa wapi na ameshaendesha mara ngapi. Ana bima inayolipa mtu akiumia? Kuni gani wanatumia? Hili la kuni watu wanaona ni swali la ajabu lakini muulize, maana jibu sahihi ni kuni safi tupu. Akikwambia wanachoma mbao za paleti za zamani uliza misumari inatolewa vipi, kwa sababu msumari mmoja uliobaki kwenye makaa ndo utakaokuacha na alama, nitaeleza kwa nini. Uliza pia nani anasimamia huduma ya kwanza, na je maji ya bomba yapo karibu au ni ndoo mbili tu.

Nasema hivi kwa sababu ajali zipo na zimetangazwa. Mwaka 2001 wafanyakazi wa Burger King, wale wa migahawa ya baga, walipelekwa Key Largo, Florida, kwenye mafunzo ya kujenga ushirikiano, wakapitishwa kwenye makaa na kama 12 wakaungua (kampuni ambayo sifa yake ni nyama ya kuchomwa kwa moto, haya). 2012 kule San Jose, California, semina ya Robbins, 21 wakatibiwa. 2016 Dallas, semina hiyo hiyo, kama 30. Na 2022, Uswisi karibu na Zurich, shughuli ya kampuni moja ya matangazo, watu 25 waliumia na zaidi ya nusu yao wakapelekwa hospitali. Sikutishi. Kwenye hizo za semina waliopita walikuwa maelfu na wengi mno walitoka salama, ila usije ukaambiwa kwamba "haijawahi kutokea" ukaitikia.

Kwenye fomu utakayosaini kuna mstari unasema unaelewa kuwa unaweza kuungua. Usome. Wengi wetu tunasaini kama tunavyosaini masharti ya programu za simu.

3. Michango

Hapa nitapita haraka maana sisi kwa michango hatufundishwi, tumekulia kwenye kadi za harusi. Mi nililipa kiingilio pauni 25 na nikaahidi kuchangisha angalau 100. Wanakufungulia ukurasa wa kupokea hela, unausambaza. Mwambie kila anayelipa kodi hapa Uingereza aweke tiki kwenye Gift Aid, serikali inaongezea peni 25 kwenye kila pauni na yeye halipi zaidi. Wa nyumbani kadi zao ziligoma, ikabidi wamtumie dada yangu kwa M-Pesa nami nikaweka za kwangu.

Jiandae tu kisaikolojia kwa grupu la familia la WhatsApp. Nilituma tangazo langu saa tatu usiku, kufika asubuhi kulikuwa na meseji 60 na hata senti moja hakuna. Shangazi aliandika "tuchange ili mtoto wetu aungue?" Mjomba akasema yeye atatoa pauni 5 akishaona vidio, siyo kabla. Mama akapiga simu, hakusalimia hata, "mwanangu umeingia dini gani huko?" Nikamwambia mama hakuna dini, ni fizikia, akanyamaza kidogo akasema fizikia hiyo hiyo uliyopata F?

4. Elewa kwa nini watu hawaungui (usiruke hapa)

Hili ndo nilitaka kuliandika hasa, kwa sababu ukishalielewa woga unapungua nusu na unajua nini cha kuogopa kweli.

Nilimjibu mama hivi: we mwenyewe unaokota kaa la moto kwa vidole. Si mnajua, kaa limedondoka kutoka jikoni, mama hatafuti koleo, analichukua kwa vidole viwili analirusha jikoni anaendelea na mboga zake. Mbona haungui? Na mama lishe anageuza chapati kwa mkono siku nzima. Sasa mwambie mama huyo huyo ashike mfuniko wa sufuria uliokuwa juu ya moto, hataki, anatafuta kitambaa, wakati mfuniko hauna joto kali hata nusu ya lile kaa.

Siri ni kwamba joto kali na kupitisha joto ni vitu viwili. Mwiko wa mti ukiusahau kwenye sufuria ya ugali unarudi unaushika vizuri tu, kijiko cha chuma ukikisahau utakirusha. Chuma kinapitisha joto mamia ya mara kuliko mti, na kaa ni mti uliokauka na kujaa vitundu vya hewa, kwa hiyo joto lake linatoka taratibu mno. Kaa linaweza kuwa na nyuzi 500, lakini unapolikanyaga linakupa joto la pale juu tu, na mpaka la ndani lije kujaza pengo we mguu umeshanyanyua. Juu yake kuna majivu, nayo ni kama blanketi. Na mguu wako umejaa maji na damu inayozunguka, kuupasha joto kunataka muda. Muda ndo haupo. Zulia la makaa lina urefu wa kama mita tano, unapita kwa hatua sita au saba, yaani kila mguu unagusa mara tatu au nne tu na kila mguso haufiki sekunde nzima.

Ndo maana nikasema msumari. Chuma kwenye makaa hakina huruma hiyo, wala jiwe zito.

Na siyo jambo la kubahatisha, lilipimwa zamani. Mwaka 1935 mtafiti mmoja wa mambo ya ajabu, Harry Price, alichimba shimo la moto kule Carshalton, Surrey, kusini mwa London, akamwita Kuda Bux, mtu wa Kashmir, apite mbele ya madaktari na wanasayansi. Walipima juu ya makaa nyuzi 430, ndani kabisa 1,400. Jamaa akapita, nyayo safi. Waingereza wawili waliojaribu baada yake wakapata malengelenge madogo madogo. Price alikuwa mtu wa kutafuta mizimu lakini hapa hakuiona, akahitimisha kwamba kuni zinapitisha joto vibaya na mguso ni mfupi, basi. Utasikia pia wanaosema ni jasho la mguu linageuka mvuke na kukukinga, kama tone la maji linavyorukaruka kwenye kikaango cha moto, ila wanafizikia wengi walioshughulika na jambo hili wanarudi kwenye kaa lenyewe.

Kwa hiyo mkufunzi akikwambia ni nguvu ya akili, mwitikie tu kwa adabu, maana kuna kazi moja akili inafanya kweli, nayo ni kukuzuia usikimbie na usigande katikati. Moto haujui kama we una imani au huna. Rafiki yangu mlokole alikuwa anataja kina Shadraka, Meshaki na Abednego njia nzima, Muislamu mmoja wa Mombasa akawa anasoma aya ya moto wa Nabii Ibrahim, mi nilikuwa nahesabu hatua, na wote tulikanyaga makaa yale yale tukatoka.

Na tafadhali usiende kumwaga mkaa uani ukajaribu. Kina cha makaa, aina ya mti, muda wa kuacha moto ushuke, vyote hivyo kuna mtu ameshavifanya mara mia ndo anajua.

5. Nani asiende

Kama una kisukari na miguu inakufa ganzi, usiende. Siyo suala la ujasiri, ni kwamba usiposikia maumivu hutajua umeungua mpaka kidonda kimeshachimba, na vidonda vya miguu vya kisukari hatuhitaji kuelezana, kila ukoo una mtu. Vilevile mwenye kidonda au mpasuko kwenye wayo, mwenye shida ya kutembea au kusimama bila kuyumba, mjamzito wengi hawampokei. Aliyekunywa hapokelewi kabisa, hata bia moja ya kutoa woga, utarudishwa na kiingilio chako kimeenda. Kama unatumia dawa zozote za kila siku ongea na daktari wako kwanza.

Ukishafika pale na moyo ukakataa, usipite. Wakufunzi wazuri wanasema hilo wenyewe mwanzoni kabisa, na mara ya kwanza nilipoenda walibaki wawili pembeni, hakuna aliyewacheka, mmoja ndo alikuwa anapiga picha na ndo picha nilizonazo.

6. Siku yenyewe, nguo na miguu

Suruali ya pamba unayoweza kukunja mpaka gotini. Siyo zile za michezo za nailoni, cheche ikirukia inayeyuka na kugandana na ngozi. Dada zangu, dera na gauni refu hapana, na kama unavaa hijabu funga vizuri isining'inie mbele, shungi refu liingize ndani ya koti. Soksi nene za kubana nazo unavua, kuna mwenzetu alikuja na taitsi za nailoni ndani akidhani hazihesabiki, akaenda kuvulia chooni. Cheni ya mguuni toa, chuma hicho.

Usipake mafuta miguuni siku hiyo. Najua, miguu mikavu kwetu ni aibu, lakini wayo wenye mafuta unanasa majivu na vipande vya makaa. Na usiende kusugua gaga saluni wiki hiyo! Gaga ni rafiki yako leo, ile ngozi ngumu ya kisigino iliyotulea tukienda shule pekupeku wazungu hawana, waache wakuonee wivu.

Beba taulo, ndala za kuvaa ukishamaliza, na koti zito kwa sababu shughuli nyingi zinafanyika jioni za Oktoba au Novemba au Machi, utasimama nje kwenye baridi saa nzima huku umevua viatu. Mi kilichonitesa kuliko moto ni nyasi zenye umande kabla ya kupita. Kula kawaida, usijaze tumbo.

7. Kusubiri

Mtafika kama saa kumi na mbili jioni, mtaandikwa, mtapewa tisheti. Moto unawashwa mbele yenu au mnaukuta umeshawaka, rundo la kuni refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, na hapo ndo watu wanaanza kucheka kicheko kile kisicho na furaha. Halafu mnaingizwa ndani ukumbini kwa mafunzo, kama dakika 45 mpaka saa nzima, wakati moto unashuka.

Mafunzo yenyewe ni nusu maelezo ya usalama nusu hamasa. Mtapiga makofi, mtapiga kelele, mtaambiwa umshike mkono jirani na umwambie unachoogopa maishani. Sisi Waswahili hapo tunapata tabu kidogo maana huwezi kumwambia mtu umemjua leo siri za moyo wako, mi nikamwambia naogopa paka. Baadhi ya wakufunzi wanawavunjisha ubao kwa mkono au kutembea kwenye vioo kwanza. Vyote hivyo ni kuuzoesha mwili kutii wakati kichwa kinakataa.

Sikiliza hasa pale anapoonyesha namna ya kutembea, hayo ndo maneno ya maana usiku mzima. Mengine yote unaweza kusinzia.

Mkitoka nje rundo halipo tena, mnakuta watu wawili wenye reki ndefu wanalaza makaa yawe zulia jembamba. Giza limeingia, kwa hiyo yanang'aa mekundu kuliko yalivyo mchana. Mkufunzi wetu alikuwa na kile kipimo cha joto cha kuelekeza kama bastola, akakielekeza tukaona nyuzi 520. Uso unapata joto lote ukisimama pembeni, na utajiambia kama uso unaungua kutoka hapa miguu itakuwaje. Usoni unasikia joto linaloruka hewani kutoka zulia zima kwa pamoja, mguuni utapata lile la kukanyaga tu, ndo lile nililoeleza la mwiko. Rudia kichwani mwiko, mwiko.

8. Kupita

Foleni inaenda haraka kuliko utakavyopenda. Usiwe wa kwanza, usiwe wa mwisho, kaa kama wa sita, utaona wenzako wanavyofanya na makaa yatakuwa yameshalazwa vizuri. Waandaaji wengine wanarekisha upya kila baada ya watu kadhaa, ukiangukia mara tu baada ya reki makaa yaliyogeuzwa yanakuwa mekundu tupu bila majivu, subiri sekunde chache mkufunzi akuruhusu.

Kabla ya kukanyaga futa nyayo kwenye mkeka au zulia walilotandika, majani na mchanga vitoke. Mkufunzi atakuuliza uko tayari, utaitikia kwa nguvu. Hiyo siyo mbwembwe, anakuangalia macho kama kweli uko tayari.

Halafu tembea. Mwendo ni ule wa mtu anayewahi daladala ambayo haijaanza kuondoka. Mguu wote uguse kwa pamoja, bapa, siyo kwa vidole kama unanyata mtoto asiamke. Usikimbie, kwa sababu mkimbiaji anachimba kwa vidole, mguu unazama kwenye makaa ya chini na cheche zinarukia mgongo wa mguu ambako ngozi ni laini. Usitembee kwa maringo pia. Macho mbele, kwa mtu anayekusubiri ng'ambo, siyo chini.

Unachosikia ni kama kutembea kwenye mchanga wa ufukweni saa nane mchana, ule wa kukufanya uharakishe, na unasikia makaa yanavunjika chini yako krach krach kama biskuti. Hatua ya tatu utashangaa kwamba unaendelea. Ya sita umefika.

Sasa ujinga wangu. Mara ya kwanza nilipofika hatua ya nne nikamuona yule wa picha, nikasimama. Sijui hata niliwaza nini, nusu sekunde tu, nikatabasamu nikainua vidole viwili. Kipande cha kaa kikanasa kati ya kidole gumba na cha pili, kikaja nacho mpaka nje. Picha ni nzuri kweli, lakini lengelenge lilikuwa kama punje ya harage na nilikuwa na shifti ya masaa 12 kesho yake.

Ukifika ng'ambo usisimame kwenye mstari, nenda mbele hatua nne tano upishe mwenzio, panguza nyayo kwenye nyasi mbichi au ingia kwenye beseni la maji walilotega. Chomoa vipande kati ya vidole. Usirudi kupita tena kwa ile furaha, waandaaji wengine wanaruhusu raundi ya pili lakini ngozi bado ina joto la kwanza, na hapo ni rahisi kuungua.

9. Baada ya hapo

Nusu saa ya kwanza hutasikia kitu, utakuwa unaongea kwa sauti na kumkumbatia kila mtu. Kagua nyayo zako kwenye mwanga kabla hujavaa soksi. Madoa mekundu madogo ni kawaida, wenyewe wanayaita busu la moto, kwa kawaida asubuhi yameshatulia.

Kama panauma au panainua lengelenge, weka mguu chini ya maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa. Siyo barafu. Siyo dawa ya meno, siyo ute wa yai, siyo siagi, siyo asali ya shangazi, nimeona kazini kidonda kilichopakwa dawa ya meno na kukisafisha ni mateso kuliko kuungua kwenyewe. Kisha funika kwa ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, ilaze tu juu, usizungushe ukabana. Lengelenge usilitoboe. Pakiinua malengelenge mguuni hata madogo, au pameungua kuliko ukubwa wa kiganja chako, au ngozi imegeuka nyeupe au nyeusi, au pamechomeka lakini hapaumi kabisa, hiyo ni hospitali usiku huo huo, kwa hapa Uingereza kama huna uhakika piga 111, namba ya ushauri wa afya, wakuelekeze. Mwenye kisukari aliyepita bila kusema (mpo, nawajua) aende hata kama ni doa tu.

Usiku miguu itawasha kama umetembea sana juani. Lala umeiweka nje ya shuka. Kesho yake vaa viatu vya wazi kama kazi inaruhusu, ya kwangu haikuruhusu, nilichechemea masaa 12 na bibi mmoja wa miaka 91 ninayemhudumia akaniuliza kuna nini, nikamweleza, akasema yeye angekimbia.

Halafu fuatilia ahadi mapema wakati stori bado ya moto, ukiacha wiki mbili watu wanasahau. Mi nilifikisha pauni 212. Mjomba nilimtumia vidio usiku ule ule, akaangalia mara mbili, tiki za bluu naziona, akajibu kwamba imepigwa kutoka mbele na moto hauonekani vizuri, nimtafutie ya pembeni. Ya pembeni sina. Pauni 5 zake bado nazidai.